Sindano za Mama

Kaka yangu Nadhir,

Nakuandikia kwa sababu simu zote Mama anazisikiliza. Huku Oran hatujambo, na kuskusi ya Ijumaa bado tunakuwekea sahani yako. Sindano za kuzuia kichefuchefu ulizotuma kutoka Marseille zilifika. Lakini Mama akishatundikiwa dripu ya dawa ya saratani anatapika mpaka nyongo. Nikamshuku yule muuguzi, Zulikha, mwenye tabasamu lisilokwisha. Nikasema moyoni: huyu anaziuza.

Leo hospitalini niliaga, kisha nikajibanza nyuma ya pazia. Zulikha akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama akamshika mkono.

"Mchome huyo binti wa kitanda cha pili, hana wa kumletea. Mimi nimebeba mimba tano, kutapika nakujua."

"Na binti yako Wahiba akijua, mama?"

"Ajue nini? Wanangu wananificha ugonjwa wangu, wanasema ni vidonda vya tumbo, nami naitikia tu. Wao wana uongo wao, mimi nina wangu."

Nikatoka kimyakimya. Basi tuma sindano za watu wawili. Na ukipiga simu, usisahau kumuuliza vidonda vyake vinaendeleaje.

Dada yako,
Wahiba