Mrudishe Brigitha Kabla ya Ijumaa Kuu

New Hope, Minnesota,
Marekani.
10 Machi, 1996

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Severin,

Hujambo? Mke mwenzangu hajambo? Na huyo mtoto mliyempa jina langu ameota meno, au bado anatafuna kwa ufizi? Baba yako Martin mgongo umemwachia? Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu mwenye magoti mabovu katika nchi ya barafu. Theluji ya Novemba ndiyo hiyo hiyo bado iko mlangoni. Nikitaka kutoka, shangazi yako Margaret ananifunga skafu mpaka puani, kama mzigo unaosafirishwa mbali.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Darasa langu la nne linanitosha. Palipopungua herufi ujazie, si wewe ndiye msomi. Nimempa Francis, kijana anayesoma chuo kikuu hapa, ambaye Alhamisi anapanda ndege kuja huko kuoa. Sikutaka kuitia posta, maana posta ingeifikisha Pasaka imeshapita, na mimi nataka ufanye jambo kabla ya Ijumaa Kuu.

Sasa kaa kitako, nimekuja kukuchapa.

Baba yako ameniandikia habari za mdogo wangu Brigitha. Kwamba tangu ulipomtoa kwenye kwaya kabla ya Krismasi, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hata Padre akisema "Bwana awe nanyi" hajibu. Kwamba hata shambani haimbi tena. Brigitha, ambaye alikuwa anaimba mpaka akiota mahindi jikoni! Miaka arobaini na tatu ameanzisha nyimbo katika kanisa lile. Wewe umetoka semina ya walimu wa kwaya Morogoro, wiki tatu tu, umerudi na filimbi mfukoni unawapima bibi zako sauti.

Najua utasema nini. Utasema, "Bibi, wewe ndiye uliyeniambia." Subiri, nitafika hapo. Sijakimbia.

Kwanza nikueleze kilichonipata. Shangazi yako Margaret kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Jumamosi huenda Saint Paul kwa bibi mmoja Mmarekani anaitwa Velma, ana miaka themanini na mbili, na mimi hunichukua kwa sababu anaogopa nikibaki peke yangu nitaunguza gorofa. Velma alikuwa karani wa simu. Hana mume, hana mtoto, ana santuri. Ukuta mzima! Na ana makopo ya biskuti yaliyojaa vijitabu vya opera.

Opera ni mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba tu mwanzo mpaka mwisho, hata kuombana maji. Kwetu anayekufa huimbiwa. Kwao anayekufa ndiye anayeimba. Zamani kila mwaka baridi ikiisha, waimbaji wakubwa walikuja kutoka New York, miaka hiyo ya zamani kwa treni, wanaimba wiki nzima Minneapolis katika ukumbi wa chuo kikuu. Velma hakukosa mwaka hata mmoja mpaka walipoacha kuja, sasa ni miaka kumi. Kila kijitabu ameandika kwa penseli nani aliimba vizuri, nani alikuwa na mafua. Sasa husikiliza redio, Jumamosi mchana, na mimi nakaa naye. Kiingereza changu ni cha kuomba chai, lakini kuimba hakuhitaji Kiingereza, na wenyewe wanaimba Kitaliano ambacho hata Velma hakijui.

Basi tumekuwa wabishi. Yeye anapenda mwanamume mmoja wa sauti ya juu. Mimi nasema yule anaimba kama amefungwa mkanda mwembamba. Mimi nampenda mmoja wa besi, sauti yake kama gogo linaburutwa kwenye changarawe. Velma anatikisa kichwa, ananiongezea sukari.

Jumamosi ya juzi kati hapo akaniwekea mwanamke mmoja, Marian Anderson. Mweusi kama sisi. Akaweka wimbo, nikausikia; sauti nzito, safi, inapanda bila kushika ukuta. Halafu akaweka santuri nyingine, wimbo ule ule, mtu yule yule, lakini amezeeka. Sauti inatetemeka. Pale alipopaa mwanzo, sasa hafiki.

Nikamwambia Margaret, "Huyu wa pili amechoka. Wamtoe, wamweke msichana."

Margaret hakutaka kutafsiri. Velma akaona tunanong'ona, akadai aambiwe. Alipoambiwa akainua sindano ya gramafoni.

"Mwambie mama yako asikilize kwa masikio, asihesabu miaka ya watu."

"Mwambie masikio haya yalikuwa yanasikia kwaya kabla yeye hajanunua gramafoni."

"Mama," Margaret akasema, "mimi nimeajiriwa kumwogesha huyu, sikuajiriwa kuwaamua."

Ndipo Velma akatusimulia. Kwamba mwanamke yule alizaliwa maskini, na watu wa kanisa lake ndio waliochanga ili afundishwe kuimba. Umesikia hapo, mwalimu wa kwaya? Wanakwaya ndio waliomwinua. Mwaka thelathini na tisa, katika mji mkuu wa nchi hii, akanyimwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake. Akaimba nje, kwenye ngazi, baridini, Jumapili ya Pasaka, mbele ya watu elfu sabini na tano. Na lile jumba kubwa la opera la New York halikumfungulia mlango mpaka mwaka hamsini na tano, akikaribia miaka hamsini na minane. Sauti imeshapita kilele chake, na yeye mwenyewe anajua. Akapewa kuigiza mwanamke mpiga ramli. Pazia likainuka, na watu wakampigia makofi kabla hajafungua kinywa. Wengine wanalia.

Kabla hajafungua kinywa, Severin. Nikajiuliza, sisi Brigitha tulimpigia nini?

Velma akairudisha ile santuri ya pili. Safari hii nikasikiliza kweli. Hapai, ndiyo. Anashuka, anavuta pumzi, halafu neno analiweka chini taratibu kama mtu anavyolaza mtoto aliyesinzia. Nikamsikia mdogo wangu. Nikakumbuka mwaka alipomzika mwanawe Solomon. Wiki mbili baadaye ilikuwa Ijumaa Kuu, na Brigitha akasimama akaimba maombolezo ya Mama chini ya msalaba, na sauti ilitetemeka siku ile pia, akiwa na miaka ishirini na sita. Hakuna aliyesema imetetemeka. Padre alishindwa kuendelea na sala.

Na sasa nimefika pale nilipokuahidi. Siku ile mimi nilikuwa nyuma yake, sauti ya pili, na nilimwonea wivu. Mwanawe yuko kaburini, mimi namwonea wivu wa koo. Ulianza tukiwa wasichana, Sista Mjerumani alipotusimamisha sote wawili, akanisikiliza mimi, akamsikiliza yeye, halafu akanishika mimi bega na kunisogeza nyuma. Nimesogea nyuma tangu siku hiyo. Kwa hiyo Oktoba uliponiandikia, "Bibi, sauti ya Bibi Brigitha inavuta wenzake chini, nifanyeje?" nikakujibu mstari mmoja: "Mtoe, kila kitu na wakati wake." Nikaifunga barua, nikajisikia vizuri kabisa. Nilisema ni busara. Ulikuwa wivu wa miaka hamsini umepata stempu.

Kosa ni langu, lakini usichekelee. Una masikio yako, ungeyatumia.

Sasa fanya hivi. Usimtume mtoto. Nenda mwenyewe na mkeo, mchana, mkiwa mmebeba kuku na hii kanga niliyompa Francis. Keti chini, siyo kwenye kiti. Umsomee barua hii yote, maana yeye macho hayaoni herufi tena. Usiruke pale pa wivu. Nakujua, utataka kuniheshimu uparuke. Soma!

Halafu usimwambie "njoo kwaya nakuonea huruma." Atakutupia kuku wako. Mwambie unaomba aimbe maombolezo ya Ijumaa Kuu, kwa sababu huna msichana mwenye sauti hiyo, na ndio ukweli. Wasichana wako watapaa. Wimbo ule hautaki kupaa. Shusha ufunguo wa wimbo mpaka pale yeye anapofika. Siku hiyo hakuna makofi wala vigelegele, najua; basi akiinuka, kwaya yote isimame kabla hajafungua kinywa.

Na mnase kwenye kaseti. Akikohoa usikate. Velma nimeshamwambia yuko mwimbaji mmoja hajawahi kumsikia, na ametoa penseli.

Akikataa, asilaumiwe. Niandikie tu amekataa, nami nitajua nimekataliwa na nani na kwa nini.

Nisalimie Martin, mkeo, wajina wangu, na wale mabibi watatu uliowatoa pamoja na Brigitha. Nao uwatazame upya. Margaret anawasalimu, anasema viatu vya mtoto vimo kwenye mzigo wa Francis.

Mungu akuzeeshe, mume wangu. Na akishakuzeesha, asikunyime wa kukusikiliza.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata fimbo ikiwa mkononi,

Ephrasia