Chai Iliyopoa Tukisubiri Sala

Wanangu,

Maharage yamo kwenye sufuria ndogo. Yapasheni moto taratibu, yasiungue. Dada mtu, funga dirisha la jikoni kabla hamjatoka. Mimi nimewahi zamu yangu ya kufua mashuka hospitalini.

Sikuondoka mezani kwa kuwakasirikia. Leo ndiyo mara ya kwanza tumekaa kula pamoja tangu tumzike baba yenu, na mazoea yakatuponza. Tulifumba macho wote watatu tukimsubiri aombee chakula. Chai ikapoa. Kisha kitindamimba akafungua jicho moja: "Mama, kwani Mungu naye amefiwa?" Dada mtu ukamkanyaga mguu. Nikainuka, mkate wangu sijaugusa.

Usimkanyage tena. Ameuliza vizuri.

Miaka yote baba yenu aliomba, mimi nikaitikia amina. Nilishiba imani ya mwenzangu nikidhani ni yangu. Sasa hayupo, na ndani nina njaa ambayo mkate hauiondoi. Nimejaribu kuomba hapa nikivaa viatu, maneno hayakuja.

~~Jioni kuleni tu, msinisubiri.~~

Hapana, nisubirini. Nitaomba mimi. Huenda nikasema tu, "Bwana, tuna njaa, tulishe," nikakwama hapo hapo. Nikikwama, msifungue macho. Tumngoje Yeye pamoja, hata chakula kikipoa. Amina mtaitikia nyinyi.

Mkate wangu nimeufunika kwa sahani. Kitindamimba aule.

Mama yenu