Ombi la Ndunge kwenye Simu Yangu

Jumamosi. Kikima imeamka na ukungu wa mwezi wa saba, ule wa kufanya uwashe taa ya duka asubuhi yote na wateja waingie wakipuliza vidole. Leo nimefunga mapema. Naandika sababu yake hapa kwa maana nikikaa nayo peke yangu nitalia tena, na nimeshalia mara moja nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Inatosha.

Wiki iliyopita tulimnunulia Ndunge kompyuta. Ni ya mkono wa pili na pembe moja imepasuka, lakini ni yake. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, yuko gredi ya sita, na walimu siku hizi wanataka kazi iliyochapwa. Mke wangu Kanini alikuwa ametoka kwenye semina ya akina mama kanisani, ambako walielezwa mambo ya mitandao mpaka wengine wakatishia kuchoma simu zao. Akasema hiyo mashine haiguswi na mtoto kabla haijafungwa panapostahili kufungwa. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo. Kazi ya kuweka sumu kwenye rafu ya juu naijua vizuri, kwa hivyo sikubisha.

Jumapili baada ya ibada tukakaa mezani sisi wawili, kompyuta katikati, chai ikipoa. Inakuuliza mzazi ni nani na mtoto ni nani. Inakuuliza izimike saa ngapi, ipitishe kurasa gani, izuie maneno gani. Kanini aliyasoma yale maneno ya kuzuia kwa sauti ya chini kana kwamba mchungaji alikuwa jikoni kwetu. Mwisho tukaweka kwamba mtoto akizuiwa mahali, kuna kitufe cha kuomba ruhusa. Akikibonyeza, ombi linakuja kwenye simu yangu, na mimi nakubali au nakataa. Tulimwonyesha Ndunge kitufe chenyewe. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesomewa sheria za jela.

Nywila ya kwanza ilikuwa jina la ng'ombe wetu. Ndunge aliipata kabla ya chakula cha jioni.

Lakini nilipokuwa nikiandika jina la binti yangu pale penye nafasi ya mtoto, vidole vilisita kidogo. Ndunge ni jina la mama yangu. Kwetu Wakamba binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na mimi tangu siku niliyompakata mara ya kwanza humwita Mwaitu, yaani mama yangu. Mama alikufa Kanini akiwa na mimba ya huyu mtoto, hawakuwahi kuonana. Basi hapo nilikuwa nimekaa, mzima na ndevu zangu, nikimpangia mama yangu saa ya kulala. Nilicheka peke yangu. Marehemu angenitupia jicho moja tu, na hiyo kompyuta ningeifunika mwenyewe.

Katikati ya wiki ombi la kwanza likaja. Mashine ilikuwa imeshtushwa na kazi ya sayansi kuhusu kuzaana kwa mbuzi. Nikakubali, nikampigia Kanini simu, tukacheka mpaka akaniambia niache kumaliza pesa za simu.

Leo sikucheka.

Mzee mmoja alikuwa kaunta akitaka dawa ya kupe. Simu ikalia kwenye mfuko wa koti, nikaitoa nikidhani ni mambo ya mbuzi tena. Swali lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza cha shule, na mashine ilikuwa imelizuia kwa sababu ya neno moja la mwili wa mwanamke. Nalitafsiri hapa jinsi lilivyokuwa. Je, ukipewa jina la nyanya yako na yeye alikufa na saratani ya titi, na wewe utaipata?

Chini yake, vitufe viwili. Kubali. Kataa.

"Mkubwa, hiyo dawa iko ama haiko?" mzee akauliza. Nikampa ya minyoo. Akairudisha, akanitazama vizuri, akasema atapita Jumatatu.

Hatukuwahi kumwambia Ndunge nyanya yake alikufa na nini. Tulisema kifua, na tukaliacha hapo, kama watu wengi wa kwetu wanavyofanya. Lakini likizo ya mwezi wa nne alikuwa Matinyani kwa dada yangu, na dada yangu akiwa na wageni haangalii nani ameketi mlangoni akichambua ndengu. Lazima alisikia huko. Miezi hii yote amekuwa nayo kichwani, anakula na sisi, anaimba kwaya ya watoto, anaoga, na sisi hatuoni kitu.

Kilichonimaliza kabisa ni kingine. Sote tumekuwa tukimwambia, kwa mapenzi, kwamba amemchukua nyanya yake kila kitu. Mwanya wa meno, kutembea kwa haraka, hasira ya kununa na kubamiza mlango. Dada yangu akimwona hupiga makofi na kusema, "Huyu ni mama mtupu, hakuna kitu ameacha!" Mimi ndiye wa kwanza kuitikia. Tulikuwa tunampa sifa, na mtoto akawa anapiga hesabu ya kilichobaki kurithi.

Nikafunga duka.

Nilimkuta sebuleni, kompyuta imefunikwa mapajani, sweta limevutwa mpaka kwenye vidole. Nikakaa karibu naye na koti langu la baridi. Halafu akauliza bila kunigeukia.

"Baba, na mimi nitashikwa na hiyo ugonjwa?"

Nilitaka kusema hapana, kubwa, ya kufunga mlango. Ningeweza. Lakini nikamwambia ukweli ninaoujua. Nikamwambia jina halibebi ugonjwa, hata akiitwa Ndunge mara mia. Nikamwambia kuna magonjwa ambayo ukoo unaweza kuyasogeza karibu kidogo, na ndiyo maana shangazi yake huenda kupimwa hospitali Kitui, na kila mara wamemwambia yuko sawa. Yeye akiwa mkubwa atapimwa pia, na mama yake atamshika mkono. Tukafunua kompyuta, nikabonyeza kukubali, tukasoma pamoja. Maneno magumu tulimpelekea Kanini jikoni. Kanini alikuja na mwiko mkononi, akaketi upande wa pili wa mtoto, na hakurudi jikoni. Ugali uliungua.

Kuna jambo moja lilinisumbua, nikamuuliza kama hakujua kwamba swali lake lingekuja moja kwa moja kwenye simu yangu.

Ndunge akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye miaka kumi na mmoja. "Nilijua. Ndio maana nilifinya. Kwa mdomo ilikuwa imekataa kutoka."

Mama yangu alikaa na uvimbe wake muda mrefu, ameufunga chini ya leso, akilima na kuchota maji na kutuuliza sisi kama tumekula. Hakutaka kutusumbua. Tulipojua, daktari naye hakuwa na la kufanya. Nampenda mama yangu na bado namkasirikia kwa hilo, na sijawahi kuandika hivi mahali popote.

Nikamwambia binti yangu kwamba hapo amemwacha nyanya yake. Kwamba nyanya alinyamaza, na yeye ameuliza. Akafikiri kidogo, halafu akataka kujua kama hilo ni jambo zuri. Nikamvuta kichwa kwenye koti, na kwa mara ya kwanza leo yeye ndiye aliyelia, kilio kikubwa cha mtoto mdogo, na kikaisha, akaomba chai.

Jioni Kanini alifungua kurasa zote za afya. Kitufe cha kuomba ruhusa tumekiacha.

Sasa nyumba imetulia na wao wanachapa kazi ya shule, nasikia vidole vyake vikitafuta herufi moja moja. Kesho asubuhi kabla ya kanisa nitamuuliza kama bado nina ruhusa ya kumwita Mwaitu. Hii ni yake kukubali au kukataa. Akikataa, nitamwita Ndunge, na nitajifunza.