Simu Iliyokuwa na Joto

Malili,
Jumapili jioni

Kwa kaka yangu mpendwa Mulei,

Pokea salamu nyingi, natumaini zinakukuta mzima. Goti la Mama linaendeleaje na baridi hii ya Kilungu? Maparachichi je, yamepata mnunuzi? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Ule mnara wetu wa simu wa majaribio hapo kilimani unasifiwa sana. Una antena nyingi, na kila antena ina kipokezi chake kinachokula umeme wa sola, hivyo betri zilikuwa zikiisha kabla ya asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuupunguzia njaa. Nikavilaza vipokezi vingi, na vichache vilivyobaki macho nikavipangia kusikiliza juujuu. Mnara ukaanza kukesha. Wakubwa walinipigia makofi nami, unanijua, nikavimba kichwa.

Lakini Mulei, mnara ukawa kama nyanya mwenye masikio mazito: yeye hachoki, anayechoka ni anayezungumza naye. Simu za bondeni, upande wenu, ikabidi zipaze sauti na kurudiarudia, hata zikituma ujumbe mdogo tu wa chama. Chaji ikawa inaisha upesi na simu inapata moto.

Ndiyo maana naandika. Ulinipigia ukasema unamwachia mkeo simu imejaa chaji, ukirudi kutoka shambani unaikuta karibu kuzima, tena ina joto kama imetoka sikioni sasa hivi. Mutanu akaapa kwamba hakuzungumza na mtu. Ukaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyesomea mambo hayo. Nikakujibu kwamba simu haiishi chaji yenyewe, na kwamba wewe ni mtu mzima, ufikirie. Siku chache baadaye ukamrudisha kwao Matiliku.

Mutanu hana kosa. Na kibaya zaidi, sikukujibu hivyo kwa kutojua. Vipimo nilikuwa navyo, nimeona simu za bondeni zinavyoteseka. Niliogopa kwamba nikisema, mradi utasimamishwa nami nikose sifa. Nikamtoa wifi yangu kafara. Naona haya hata kuliandika neno hilo.

Juzi niliviamsha vipokezi vyote. Hilo lilikuwa rahisi. Jumamosi nitakuja twende Matiliku pamoja, niyaseme haya mbele ya wazazi wake. Ukikataa kuandamana nami, nitaenda peke yangu.

Msalimie Mama, umwambie nitamletea dawa ya kuchua. Salamu zangu kwa Mutanu usimpelekee. Nitazibeba mwenyewe, na akiamua kuzikataa, azikatae nikiwa nimesimama mbele yake.

Ni mimi dada yako,
Nthenya