Mama, Nilipotea Istanbul

Shikamoo, Mama.

Najua marahaba haiji, lakini nikianza bila salamu utasema safari imeniharibu. Nimerudi juzi. Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani pako, pale pembeni ulipokuwa unaweka ndoo ya vitumbua, na karakana ya jirani inakata vyuma kama kawaida yake, kelele mpaka kwenye meno. Ungekuwepo ungewafokea wapumzike kidogo, nao wangeitikia "Sawa, Mama Zuhura" halafu wakaendelea vilevile.

Nianze na linalonisumbua. Hamisi anataka kulivunja baraza hili. Tangu tumalize arobaini yako wimbo wake ni huohuo: avunje baraza, ajenge fremu za maduka, yeye na wanawe wahamie Chamazi kwenye kiwanja chake, mimi nichukue fremu moja niweke mapazia yangu. Si mtoto mbaya, unamjua mwanao. Ananiambia, "Dada, baraza limekaa tupu, linatuumiza tu." Na kweli linaumiza. Nilifika mahali nikawa napita mlango wa uani ili nisilione. Kabla sijasafiri nilimwambia nitampa jibu nikirudi, na moyoni jibu lilikuwa ndiyo. Nilitaka livunjwe, Mama. Nilichoka kuiona nafasi yako.

Basi nikaenda Uturuki kutafuta vitambaa. Tulipanga twende wawili na Mwanahawa, mwenzangu wa dukani. Viza yake ikakwama, nikaenda peke yangu. Istanbul ni mji wa vilima. Barabara inapanda, inapanda, halafu ghafla inakumwaga baharini. Siku ile kulikuwa na ukungu mwepesi, na kila kitu nilikiona kama nimo usingizini: paka wamelala juu ya viti vya maduka na hakuna anayewafukuza, wanaume wanapita na sinia za chai kwenye vigilasi vidogo na haimwagiki, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyetu toka dirisha hili hadi lile. Nilikuwa natembea mdomo wazi. Sijui nilitembea muda gani.

Sasa utacheka. Unajua njia ya hoteli niliishikaje? Kama ulivyotufundisha. "Usishike mtaa, shika mtu." Huku kwetu Chang'ombe nani anajua jina la mtaa? Unapita dukani kwa Mangi, unakata kwa fundi viatu, ukimwona mama wa mihogo umefika, na mama wa mihogo yuko palepale tangu sijaanza shule. Kwa hiyo nami nilipotoka hotelini nikaweka alama zangu. Mzee wa mahindi ya kuchoma mwenye mkokoteni mwekundu, nikakata kulia. Mpiga viatu rangi mwenye sanduku la shaba, nikanyoosha. Paka wa rangi ya chungwa kwenye kiti cha duka la vifungo, kushoto. Hata jina la hoteli sikulishika. Kwangu mimi ilikuwa "kwa mzee wa mahindi", basi.

Alasiri nikaanza kurudi. Paka hayupo. Mpiga rangi hayupo. Mzee wa mahindi nikamkuta, nikafurahi, nikafuata njia, nikatokea nisipopajua. Mbele nikamkuta mwingine wa mahindi, mkokoteni mwekundu vilevile. Halafu mwingine. Mama, mikokoteni ile ina magurudumu! Inatembea! Mji mzima umejaa watu wa mahindi, nami nimemchagua mmoja wao nikamfanya ndiyo anwani yangu. Nilicheka peke yangu barabarani, watu wakaniangalia, halafu kicheko kikaniishia. Simu ilikuwa imezima, chaji yote niliimaliza kwa kupiga picha vitambaa.

Hata kuuliza nilishindwa. Ninaanza na salamu kama mtu mwenye adabu zake, habari za saa hizi, poleni na kazi, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, na kabla sijafika kwenye swali mtu keshapita. Nadhani walihisi nauza kitu.

Ikaadhiniwa. Nikasema afadhali, karibu na hoteli kuna msikiti, nifuate sauti. Muadhini wetu hapa namjua kwa kikohozi chake kabla hajaanza. Kule sauti ilitoka mbele yangu, nyingine ikaipokea nyuma, nyingine ng'ambo ya maji, mpaka ukungu wote ukawa unaadhini na mimi nimesimama katikati sijui niende kwa nani. Ilikuwa nzuri, sikufichi. Hofu ilinitoka kabisa. Nikadhani katika sauti zile zote itakuwamo na yako, unaniita kama tulivyokuwa wadogo tukisahau kurudi ndani: "Zuhura! Maji ya kuoga yanapoa!" Niliisubiri kweli, Mama. Nilitega sikio. Haikuwamo, ndipo nikalia. Siku ya mazishi sikulia vile, nilikuwa nahangaika na wageni.

Nilipotulia nikakumbuka soko la Tandika. Wewe umeinama unachagua bamia, mimi nikafuata kanga iliyofanana na yako mpaka nikagundua mwenye kanga si mama yangu. Uliponipata nilikuwa nimekaa kwa mama mmoja wa nyanya, namchambulia zilizooza. Nilijua nitachapwa. Hukunichapa. Ulinifuta kamasi ukasema, "Umefanya vizuri. Ukipotea usikimbiekimbie. Kaa kwa mtu mzima mwenye kazi, msaidie kazi yake, utapatikana."

Nikaangaza macho. Mlangoni kwa nyumba moja kwenye kona alikaa bibi, kitambaa cheupe kichwani, beseni mapajani, anamenya njegere. Nikamwendea na magoti yakakunjika yenyewe. "Shikamoo, bibi." Kiswahili, Istanbul! Akaniangalia, akajibu kitu cha kwao kwa sauti ileile ya marahaba, akapigapiga ngazi pembeni yake. Nikakaa. Nikachota njegere, nikaanza kumenya.

Hatukuelewana hata neno moja. Alizungumza tu, nami nikaitikia "eeh, bibi", na njegere zikawa zinadondoka kwenye beseni. Ila nikaona kitu. Kila aliyepita alimsalimu. Mwenye haraka alimsalimu, wanafunzi walimsalimu, hata mwenye gari alishusha kioo. Kisha akaja msichana na simu sikioni, akasimama mbele yetu, akawa anamwelekeza mtu njia. Akamnyooshea bibi mkono, kisha akakata mkono kushoto, kisha mbele. Sikuhitaji kujua Kituruki. Alikuwa anasema ukimwona bibi, kata kushoto.

Mikono yangu ilisimama, Mama. Nilikuona wewe. Mtaa mzima umeshika njia kwa yule bibi na yeye mwenyewe hana habari, anamenya njegere zake. Nikakumbuka kwamba hata sasa, miezi yote hii, dereva wa bajaji ukimwambia kwa Mama Zuhura haulizi ni wapi. Nilikuwa nalisikia jina hilo kila siku na kila siku nalikwepa, kana kwamba wananitonesha kidonda makusudi. Kumbe walikuwa wanarudi nyumbani tu.

Yule msichana alikuwa mjukuu wake. Aliniwekea simu chaji, chai ikaja, na simu ilipowaka nikamwonyesha picha ya mlango wa hoteli niliyoipiga siku niliyofika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hoteli ilikuwa mtaa wa nyuma. Bibi akanifungia njegere kwenye mfuko, kama vile nina jiko Istanbul.

Jana nikampa Hamisi jibu. Nilimwambia fremu ajenge upande ule wa choo cha zamani, Chamazi ahamie kwa heri, lakini baraza haliguswi na mimi nitalikalia. Alikasirika. "Baraza halimrudishi Mama," alisema, na sauti yake ilikatika pale kwenye neno Mama, nikajua naye alikuwa anapita mlango wa uani. Nikamwambia najua halikurudishi. Akaniacha nimekaa akaingia ndani.

Asubuhi hii nimewasha mkaa, nimetoa chuma chako cha vitumbua. Vya kwanza vimeganda. Vya pili vimeungua. Vya tatu nimegundua nimesahau iliki. Vijana wa karakana wamevila wakanyamaza, unajua walivyo na midomo, wakinyamaza ujue ni huruma. Mmoja akasema, "Tutazoea, sista." Nilitamani kumrushia kijiko.

Ndipo akatokea dada mmoja, mtoto mgongoni, begi kubwa mkononi, anageuka kulia, anageuka kushoto, kama mimi kati ya mikokoteni ya mahindi. Akanisogelea. Alisalimia kwanza, akaulizia na kazi, kwa lafudhi ya bara. Kisha akasema, "Samahani dada, nimeambiwa nikifika kwa Mama Zuhura nikate kulia. Hapo kwa Mama Zuhura ndio wapi?"

Ningeweza kumwambia mwenyewe alishafariki. Ningekuwa nimesema kweli, naye angebaki amesimama na mtoto juani. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikainuka.

"Ndio hapa," nikamwambia. "Umefika. Kata kulia."

Hamisi alikuwa mlangoni, alisikia. Alivaa ndala akaenda kwa Mangi, akarudi, akaweka pakiti ya iliki juu ya ndoo bila kuniangalia, akaingia ndani. Nimeiweka hapa pembeni ya karatasi ninapoandika. Inanukia.

Basi, Mama, nikuache upumzike. Sijui kukaanga kama wewe na huenda nisijue kamwe, lakini kesho nitaamka tena. Nakuahidi kitu kimoja: nitakuwa hapa hapa barazani, na kila anayekutafuta hatapotea.

Mwanao,
Zuhura