Nyundo Nisiyompiga Kaka

Mpendwa mshauri, nawe msomaji utakayeyaona haya, nawaomba kwa machozi yaishie kwenu, na kama mnamjua fundi mbao anayefanana na huyu nitakayemtaja msimwambie kitu, kwa maana ni kaka yangu, ndiye aliyenilea tangu mama afariki, na mimi nimemdanganya.

Kila Jumapili mchana, tangu nikiwa shule ya msingi, tunacheza gemu ya kupigana kwenye runinga, yeye na pedi nyekundu ya kubonyezea, mimi na ile iliyofungwa utepe. Mchezaji wangu ana konde la juu tunaloliita nyundo: mkono huinuka, husita, ndipo ushuke. Mimi ni karani wa ofisi, hupenda kuhakikisha mambo, kwa hiyo nilisoma. Picha sitini hupita kwenye kioo kila sekunde, na mtu mwenye afya huhitaji kama kumi na tano tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze. Konde fupi hufika kwa picha kumi. Hilo binadamu hulikinga kwa kubahatisha tu. Nyundo huchukua thelathini. Kaka alikuwa akiikinga huku anakunywa chai, ananicheka: "Vipi karani, nyundo yako bado inasubiri muhuri?"

Tangu mwaka jana haikingi. Anaiona, mshauri, macho yake yanaiona, ila kidole kinafika mkono ukishashuka. Siku moja nilipiga nyundo ishirini akakinga tatu, akabaki anakitazama kidole gumba chake kama cha mtu mwingine, nami sikuweza kuvumilia, nikaacha kabisa kuipiga, nikawa namwachia ashinde.

Kazini anasukuma mbao kwenye msumeno wa mashine. Mwezi huu amerudi na kucha iliyokatwa nusu. Wifi akamsihi aende kwa daktari, akacheka. "Mgonjwa gani anamchapa huyu kila Jumapili? Hebu sema, karani, nakuonea sikuonei?"

Wifi akanigeukia. Nikasema, "Unanionea, kaka."

Nikisema kweli nitamvunja, nikinyamaza sipati usingizi. Nifanyeje? Usinipigie simu, ofisini tunatumia moja. Nijibu gazetini, kaka husoma ukurasa wa michezo tu.

Karani


Karani, pole. Moyo wako ni mzuri, lakini huruma yako imepotea njia. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa mgonjwa hakuficha. Umemfichia wewe, hata mwenyewe hayajui. Ulimpa cheti cha afya ambacho huna mamlaka ya kukitoa. Na msumeno, binti, haumwachii mtu ashinde.

Mimi si daktari. Huenda maradhi yake yanatibika, huenda hayatibiki. Jumapili hii mwite wifi yako akae nanyi. Piga nyundo. Asipoikinga, piga tena, na tena. Kisha weka pedi chini umwambie, "Kaka, nilikuwa nakuachia." Atafoka. Mwache afoke. Akilia, lia naye. Jumatatu omba ruhusa, mwongozane hospitali kabla hajaugusa msumeno, na zile hesabu zako za nyundo mpe daktari. Akigoma, nenda kwa msimamizi wake. Atakuchukia, bora akuchukie akiwa na vidole kumi.

Mkikwama, njooni kwangu, wote wawili. Jengo hili la gazeti, ghorofa ya pili, mlango wa kijani karibu na ngazi, asubuhi yoyote kabla ya saa sita. Kitasa ni kizito. Mwache akifungue mwenyewe, hata akichelewa.