Ndevu za Baba Mkwe Mlangoni pa Ghala

Mpendwa Shangazi Evodia, shikamoo, naomba msaada wako maana nimemzuia baba mkwe wangu kazini mbele ya watu na sasa hagusi chakula changu. Mimi ni msimamizi wa usalama katika ghala la mahindi hapa Kibaigwa, na baba mkwe, Mzee Matonya, ndiye fundi wetu wa kufukiza, yaani ndiye anayeweka chini ya turubai vile vidonge vinavyotoa gesi ya kuua dumuzi wanaotoboa mahindi, kazi aliyoianza kabla mume wangu Nathanaeli hajazaliwa, akijifunga kitambaa chenye maji puani na kunywa kibuyu cha maziwa kwanza, eti maziwa yanakata sumu. Msimu uliopita makuli wawili walibebwa nje wakitapika, ndipo mwenye ghala akanunua barakoa za gesi, zile za kufunika uso mzima zenye kichujio, akaniweka mlangoni na amri kwamba asiyevaa sawasawa haingii, na tangu hapo hajaanguka mtu, Shangazi, najivunia kusema hivyo, shida ni kwamba Mzee ana ndevu, ndevu nyeupe za kufika kifuani, sifa yake kanisani na sokoni, na barakoa haishiki juu ya ndevu. Alhamisi alizipaka mafuta ya mgando ili barakoa igande, akaja mlangoni, nikaona nywele zimetokeza pembeni, nikasahau kabisa kwamba mkamwana hamgusi mkwewe, nikapitisha kidole kati ya mpira na shavu lake, kikaingia chote, nikasema kwa sauti, “Baba, leo huingii.” Makuli wakacheka. Akavua barakoa, akaniambia, “Mkwe, umenivua nguo,” akaondoka. Sasa anakula kwa jirani, Nathanaeli anataka nimwombe radhi na kumruhusu, shehena nyingine inafika Jumatatu na fundi mwingine hatuna, nami nikimruhusu nitamuua, nisipomruhusu sina ndoa. Nifanye nini?

Anitha, Kibaigwa

Marahaba, Anitha mwanangu. Kwanza pokea makofi. Wanaume wa ghala zima wanarudi wazima kwa watoto wao kwa sababu wewe umesimama mlangoni. Tembea kifua mbele!

Sasa kaa nikukaripie. Kumzuia ilikuwa haki yako, lakini kumtia kidole shavuni mbele ya makuli haikuwa haki yako. Mkwe ni mkwe hata akiwa ndani ya barakoa. Ungemwita mumeo, au ungeongea naye pembeni. Kwa hilo piga magoti, omba radhi, na uombe kwa moyo. Kwa kumfungia mlango usiombe radhi hata kidogo, Nathanaeli anune mpaka masika. Na wewe Nathanaeli, unataka baba yako aingie kwenye gesi ili mkeo aonekane ana adabu? Hiyo adabu utaipeleka msibani.

Maziwa yanakwenda tumboni na gesi inakwenda mapafuni, havikutani njiani. Kitambaa chenye maji hakizuii gesi, na mafuta hayazibi ndevu.

Tena wala hakuna haja ya kumgusa mtu. Mvaaji hujipima mwenyewe: akaze mikanda, azibe kichujio kwa kiganja, avute pumzi. Barakoa ikimnyonya uso na kubaki hivyo, imeshika. Hewa ikipenya, mvaaji haingii ghalani, awe mkwe au mwenye ghala. Wewe simama kando uangalie. Mfundishe mumeo, mumeo amfundishe baba yake. Kichujio kiwe cha gesi hiyo, si cha vumbi, na kisiwe kimepitwa na tarehe. Wala asiingie mtu peke yake.

Kuhusu ndevu, usimwambie wewe, wala nisimwambie mimi. Mkewe ndiye amwambie, yeye aliyempenda kabla hazijaota.

Jibu hili nilimsomea Anitha kwa simu, maana mahindi hayasubiri gazeti. Jumanne akanitumia ujumbe, nauweka hapa kama ulivyo:

“Shangazi!!! Jana asubuhi kaja mzee mmoja kidevu kinang'aa, makuli wakamzuia, ‘We mzee, unamtafuta nani?’ Akasema, ‘Natafuta kazi yangu.’ Kumbe ni baba! Mama mkwe kamnyoa mwenyewe, anasema karudishiwa kijana wake. Nilikuwa nimeshampigia magoti Jumapili, lakini sikujua kama kanisamehe. Akavaa barakoa, akaziba kichujio, akavuta, ikamganda usoni! Akawageukia makuli, ‘Nanyi mlionicheka, vuteni tuone.’ Barakoa za wawili zikavuja, akawarudisha nyuma yeye mwenyewe wakakaze upya. Halafu akasimama mbali kidogo, akaniambia, ‘Mkwe, fungua mlango.’ Nikafungua, Shangazi, machozi yananitoka. Jioni kala kwangu, na mlenda kaongeza mara mbili.”